Kilimani na Pasi ya Mkaa

Wako watu wanaojua kumtukana mwenzao bila kusema neno, lakini Mama Joska alikuwa na njia yake peke yake: alitukana kwa kula. Kila siku ya Mungu, Heritier akishaketi kwenye meza ya pembeni katika mgahawa wa mama huyo pale Nakawa, Mama Joska alitoka jikoni na sahani mkononi, akavuta kiti mbele ya kijana wa watu, akaanza kukishughulikia kichwa cha samaki. Hakuwa na haraka. Alimung'unya shavu, akanyonya jicho, akalamba vidole kimoja baada ya kingine, na muda wote huo alikuwa anamkodolea macho mgeni wake.

Heritier aliona raha isiyo na kifani.

"Mama yako ananipenda," alimnong'oneza Dolphine siku ile, mama mtu alipokuwa amerudi jikoni. "Unaona vile anakula na mimi? Kwetu Butembo, mtu mwenye hakupendi hawezi kula mbele yako. Chakula kitamkwama."

Dolphine alikuwa anafuta meza. Alifuta pale pale palipokwisha kung'aa, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Angemwambiaje? Kwao Wajaluo mama mkwe hali chakula mbele ya mume wa binti yake. Hamshiki mkono wala hasogeleani naye ovyo, na heshima hiyo haina mzaha. Mama Joska alikuwa ameziacha mila nyingi ng'ambo ya mpaka alipokuja kutafuta maisha Kampala, ila hiyo aliibeba pamoja na masufuria. Mume wa binamu yake Dolphine, Ajwang', akija kusalimia, Mama Joska huchukua sahani yake na kwenda kulia chumbani, na mlango anafunga.

Kwa hiyo kila kichwa cha samaki alichokimaliza mbele ya Heritier kilikuwa na ujumbe mmoja tu: wewe si mkwe wangu, na hutakuwa. Wewe ni mteja.

Dolphine alikuwa ameapa kumwambia ukweli, tena mara nyingi. Lakini Heritier akifurahi alikuwa na namna ya kutazama chini na kutabasamu peke yake, kama mtu aliyeokota kitu na hataki kionekane, na Dolphine akiona tabasamu lile moyo ulimlegea na kiapo kikayeyuka. Ndivyo alivyompendea tangu mwanzo. Alikuwa amekwenda kununua kitenge sokoni, akachagua cha manjano, na mwenye duka, huyu huyu Heritier, akakataa kumuuzia. "Hiki kitagombana na sura yako," alisema. Dolphine aliondoka amefura kwa hasira, akamsema kwa kila mtu aliyekutana naye, na kesho yake asubuhi alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

Mama Joska hakutaka kusikia habari ya ndoa. "Nitaongea na nani?" ndilo lililokuwa swali lake. "Mtu anakuja kuoa na watu wake. Huyu watu wake wako wapi? Mkigombana nitakwenda kushtaki kwa nani, kwa majora ya vitenge? Halafu siku moja anakuchukua, anakuvusha huko kwao milimani, na mimi nabaki hapa nakaanga samaki na kuuliza wasafiri kama wamekuona. Nilimzika baba yako, nikamzika na Joska. Mtoto niliyebaki naye ni mmoja."

Hapo penyewe ndipo palipomuuma Dolphine. Angetoroka na Heritier hata siku ile, lakini kila alipoiwaza harusi yake alimwona mama yake hayupo, na picha yote ikamharibikia.

Basi wakapanga kutoroka, kama wanavyopanga wapendanao waliokwama. Wakongo wa Kampala walikuwa wakimsifu mchungaji mmoja, Saverio, mwenye kanisa dogo juu ya kilima cha Lwanjuki, upande wa Mukono. Huyo alikuwa anawaoza waliozuiwa na ndugu, ila kwa masharti mawili. La kwanza, bwana na bibi harusi wapande kilima kwa miguu yao, pamoja, kutoka chini mpaka juu. Wakifika huku wamenuniana, anawarudisha. La pili, kila upande uje na mtu wa damu wa kusimama na kusema, "Huyu ni wetu." Mchungaji Saverio hakupenda kuoza watu walioibana.

"Kwa upande wangu yuko Benedicte, mtoto wa shangazi," alisema Heritier. Alikuwa amemwaga chumvi mezani, akaichonga kwa kidole ikawa kilima. "Jumamosi ijayo tunaoana. Jumamosi hii tunajaribu njia."

"Na upande wangu?"

Heritier aliitazama chumvi. "Tutaona huko huko."

"Huko huko wapi, Heritier? Ndugu hawaoti kilimani."

"Tutaona," alirudia, akageuza mazungumzo. "Kitu kingine. Suti nitaivaa juu. Kupanda nitapanda na nguo za kawaida, suti iko kwenye begi, na pasi."

"Pasi?"

"Ya mkaa. Juu kule hakuna umeme, nimeuliza."

Dolphine aliweka kitambaa chini. "Tunatoroka. Umewahi kusikia watu wanatoroka na pasi?"

"Njo maana wanaoana wamekunjamana. Mimi siwezi kusimama mbele ya Mungu na mikunjo."

"Mungu anaangalia moyo."

"Moyo ataangalia. Na suti ataiona pia, si iko nje?" Alisema bila hata chembe ya utani. "Na gauni lako nalo nitalipiga. Sitaki mtu aseme nilikuchukua ovyo ovyo. Bon, lakini ile pasi ni nzito. Ndiyo sababu Jumamosi hii naibeba, nione kama naweza."

Dolphine alitaka kucheka, akashindwa, kwa maana mwanaume aliye tayari kubeba chuma juu ya kilima ili gauni lako linyooke hachekwi kwa urahisi. Mikono yao ilikutana juu ya chumvi. Kilima kikabomoka.

"Jumamosi hii kuna nini?" Mama Joska alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi.

Dolphine alishtuka. "Mazoezi, mama. Kutembea. Kuna kilima huko Mukono, watu wanapanda. Daktari si alisema mtu atembee, kwa ajili ya presha?"

"Presha ni ya nani hapa?"

"Ni yako."

"Sasa mbona mnakwenda nyinyi?"

Heritier alianza kufagia chumvi kwa kiganja.

"Nakuja," alisema Mama Joska. "Nitakaanga kuku."

Jumamosi ilifika na jua lake. Chini ya kilima, Mama Joska alikuwa amejifunga leso kiunoni, miguuni ndara za mpira, kichwani kikapu cha kuku na chapati kilichofunikwa vizuri. Heritier alikuja na viatu vyeusi vya ngozi, vimechongoka mbele na kung'arishwa hata unaweza kujitazama ndani yake. Begani alining'iniza begi lililomvuta bega upande mmoja.

"Huyu anakwenda mazoezini au kwa balozi?" Mama Joska alimuuliza binti yake, kwa sauti ambayo balozi mwenyewe angeisikia kule Nakasero.

Waliianza njia. Mwanzoni ilipita katikati ya migomba, tambarare na yenye kivuli, na watu wote watatu walijiona mashujaa. Kisha migomba ikaisha. Nyasi zikawafika magotini, udongo ukawa mwekundu na wa kuteleza, na kilima kikasimama wima mbele yao. Viatu vya Heritier viliteleza hatua moja nyuma kwa kila mbili mbele. Kila alipoteleza, kitu kililia ndani ya begi: kong'.

Dolphine alitembea katikati yao akimtazama mmoja mbele na mwingine nyuma. Shati la Heritier lilikuwa limeganda mgongoni kwa jasho, na bado aligeuka kila baada ya muda kuhakikisha yeye Dolphine hajakanyaga mwiba. Macho yao yalipokutana alimkonyeza, akateleza tena. Kong'.

"Hicho kinacholia ni nini?" aliuliza Mama Joska.

"Ni maji," alisema Dolphine.

"Maji hayalii hivyo."

Kong'.

"Wewe, kijana. Fungua begi."

Heritier alilitua begi juu ya jiwe, akafungua, akaitoa pasi. Ilikuwa pasi ya zamani, nyeusi, na juu ya kifuniko chake jogoo mdogo wa chuma. Mama Joska aliitazama. Akamtazama Heritier. Akatazama juu, kule ambako bati la kanisa lilikuwa linametameta, halafu akamtazama binti yake kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyoitazama pasi.

"Mazoezi ya presha," alisema taratibu, "na pasi."

"Mama, ni kwamba..." Dolphine alitafuta uongo wowote uliokuwa karibu. Haukuwepo.

"Acha, Dolphine," alisema Heritier. Alifuta jasho kwa leso aliyoikunja vizuri, akairudisha mfukoni. "Mama, hiki ni kilima tunakuja kuoana. Jumamosi ijayo. Tulipanga wewe usijue. Leo tunajaribu njia."

Dolphine alifumba macho. Alitamani nyasi zimmeze.

"Unisamehe," Heritier aliendelea. "Mwenye alitaka nyamaza mpaka mwisho si mimi, na si yeye, ni woga wetu wawili. Lakini nimeshindwa. Mama anayekula na mimi kila siku, siwezi kumpandisha kilima bila kumwambia ni cha nini. Ingekuwa mtu anayenichukia, ningenyamaza. Wewe hapana."

Mama Joska alikitua kikapu, akaketi juu ya jiwe.

"Umesema nani anakula na wewe?"

"Wewe, Mama. Hata mama yangu anajua."

"Mama yako?" Sauti ya Mama Joska ilishuka. "Unaye mama?"

"Yuko Butembo. Simu inashika kidogo kidogo, lakini Jumapili napanda ghorofani kwa Benedicte, inashika. Kila mara ananiuliza: mama wa msichana amekukubali? Ju anaogopa, unajua, mtoto wake yuko nchi ya watu. Namwambia, maman, usilale na mawazo, mama yake anavuta kiti, anakula na mimi, uso kwa uso. Siku moja nilimwambia vile unakula mpaka jicho la samaki mbele yangu, bila haya, kama mimi ni mtoto wa nyumba. Alilia. Akasema, basi sasa nitalala."

Upepo ulipita kwenye nyasi. Mama Joska alikuwa anaangalia mikono yake, ile ile iliyokuwa ikivunja vichwa vya samaki, kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Alijitwika kikapu, akainuka, akaanza kutembea. Lakini hakushuka. Alipanda.

Wapenzi wawili walibaki nyuma wakitazamana.

"Umeniuza," alisema Dolphine kwa sauti ya chini. "Tumepanga miezi yote hii, na umeniuza kwa sababu ya pasi."

"Si sababu ya pasi."

"Sasa anakwenda huko juu kumwambia Mchungaji asituoze. Nakuambia, namjua."

"Kama atamwambia, amwambie." Macho ya Heritier yalikuwa yamelowa, na hakuyaficha. "Nakupenda, Dolphine, nakupenda kabisa kabisa. Lakini kila ulipokuwa unaniambia habari ya harusi ulikuwa unatazama jikoni. Unafikiri sikuona? Nisingeweza kuoa mtu anayetazama jikoni."

Dolphine alikosa pa kuiweka hasira yake. Ilikuwepo, aliihisi bado inachemka, lakini mwenye kuisababisha alikuwa amemjua mpaka ndani, na mtu akikujua hivyo utamfanya nini. Alichukua mpini mmoja wa begi, Heritier akashika mwingine, na wakapanda hivyo, wakiwa hawajanuna wala hawajapatana.

Mbele kidogo, njia ilipobana kati ya mawe mawili, ndara ya Mama Joska ilikatika kamba. Aliteleza, kikapu kikayumba, akadaka nyasi na kubaki ameinama pale, hawezi kupanda wala kushuka. Heritier aliruka. Alimpita Dolphine, akapanda juu ya jiwe, akanyoosha mkono.

"Shika, Mama."

Mama Joska aliutazama mkono ule. Akaurudisha wake nyuma, haraka, akauficha ndani ya leso.

"Hapana."

"Mama, utaanguka."

"Nimesema hapana. Dolphine, mwambie asinishike."

Imefika huko, Dolphine aliwaza. Hata kumsemesha hataki tena, anapitisha maneno kwangu. Heritier alisimama na mkono wake hewani, uso umemshuka. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kumwacha mama wa mtu ananing'inia, aliitoa pasi kwenye begi alilobaki nalo Dolphine, akaishika kwa kitako, akanyoosha upande wa mpini.

Mama Joska aliufikiria ule mpini. Akaushika.

"Mwambie avute," alisema. "Polepole."

Hivyo ndivyo Mama Joska alivyofika juu ya Lwanjuki: kikapu kichwani, ndara moja mguuni na nyingine kwapani, akivutwa kwa pasi ya mkaa na mwanaume ambaye yeye mwenyewe hakutaka kumtazama.

Kanisa lilikuwa la matofali, dogo, mlango umesindikwa. Kutoka pale, Kampala ilionekana kwa mbali, imelala katika ukungu wake wa vumbi na moshi. Mama Joska alitandika leso kwenye nyasi, akapakua. Alimpakulia Heritier kwanza. Alimwekea paja. Dolphine akapewa kipapatio na chapati. Kisha akajipakulia mwenyewe, akasimama na sahani, akazunguka nyuma ya kanisa, hakuonekana tena.

Heritier hakuligusa lile paja.

"Umeona?" alisema. "Leo hata kula na mimi amekataa. Mkono wangu amekataa, kuniongelesha amekataa, na sasa chakula. Nimeharibu, Dolphine. Nitamwambia nini mama yangu Jumapili?"

Dolphine alikuwa ameinua kipapatio hadi mdomoni. Kikabaki pale pale. Alilitazama kanisa, akatazama kona ambayo mama yake alipotelea. Akaukumbuka ule mkono uliofichwa kwenye leso. Polepole, kitu kikaanza kumpanda kutoka tumboni, asijue kama ni kicheko au kilio, na kilipofika kooni kikawa vyote viwili.

"Unanicheka?" aliuliza Heritier.

"Sikia." Dolphine alijifuta macho kwa kiwiko. "Sikia, na usinikasirikie. Zile siku zote mgahawani, alipokuwa anakula mbele yako. Alikuwa anakutukana."

"Ananitukana?"

"Kwetu mama mkwe hali mbele ya mkwe. Ni mwiko. Akila mbele yako, maana yake wewe si kitu kwake."

Heritier alizipitisha kichwani zile siku moja moja. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata ile siku ya jicho?"

"Hasa ile ya jicho."

Aliinamisha kichwa. Dolphine aliogopa kwamba sasa ndiyo atachukua begi lake na kushuka, na angekuwa na haki. Alimshika mkono.

"Heritier. Nitazame. Na leo amekwenda kulia wapi?"

Alimtazama. Akalitazama kanisa. Dolphine aliliona lile tabasamu likianza kule chini kabisa, lile la mtu aliyeokota kitu, ila safari hii hakulificha.

Mlango wa kanisa ulifunguka na Mchungaji Saverio akatoka, mzee mfupi mwenye kofia ya sufu, akavitazama viatu vya Heritier, akaitazama pasi, akazoea haraka.

"Nyinyi ndio wa Jumamosi ijayo," alisema. "Mmepanda pamoja?"

"Pamoja," alijibu Dolphine.

"Vizuri. Benedicte aliniambia upande wa bwana uko sawa. Lakini niliambiwa upande wa binti hakuna mtu. Bila mtu wa damu siwaozi, nilimweleza."

Dolphine alivuta pumzi ajibu, lakini sauti ilimtangulia kutoka nyuma ya ukuta, nene, imejaa chapati.

"Yupo. Mwambie asubiri, anakula."

Mchungaji aligeuza kichwa kutafuta ukuta uliosema.

"Na huyo mkwe," iliendelea sauti, "mwambie asichungulie huku mpaka nimalize. Halafu Jumapili anipe hiyo simu, niongee na mama yake mwenyewe."

Heritier aliinuka. Alipangusa nyasi kwenye suruali, akageuka, akasimama kuielekea Kampala, ukuta wa kanisa ukiwa mgongoni mwake, wima kama anayepimwa suti. Alibaki hivyo, hakugeuza hata shingo, mpaka waliposikia mfupa wa kuku ukitupwa majanini.